Mwamba Mwekundu wa Elliot na Waliousoma Kwanza

Mwaka 1990, wanaakiolojia waliokuwa wakifanya kazi kwenye pango la Bolahla nchini Lesotho walikuta mfupa mdogo wa kidole ambao haukuwa wa mtu, wala wa ng'ombe, wala wa swala. Pango hilo Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, na Wasotho walilitumia kama makazi kati ya karne ya 12 na ya 18. Wataalamu wa visukuku walipouchunguza waliutambua: ni mfupa wa Massospondylus, dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu aliyeishi miaka karibu milioni 200 iliyopita. Kuta za pango lenyewe hazina mifupa ya namna hiyo. Basi kuna mtu aliyeuona huko nje, akauokota, akaona unafaa kubebwa, akaenda nao mpaka mahali alipolala.

Jina dinosaria lilitungwa Uingereza mwaka 1842 na Richard Owen, na ni Owen huyohuyo aliyempa Massospondylus jina lake mwaka 1854. Hata tukishika tarehe ya karibu kabisa, mwokota mfupa wa Bolahla alimtangulia.

Mimi nimekulia Lindi, ambako kila mtoto amesikia habari za mjusi mkubwa wa Tendaguru aliyepelekwa Ujerumani. Tulifundishwa nani aligundua, nani alichimba na lini meli iliondoka. Hatukufundishwa kwamba watu wa pale walikuwa wakiiona mifupa ile mashambani mwao kabla Mzungu yeyote hajafika na daftari. Ndiyo maana habari ya Bolahla ilinikaa moyoni. Nilipokwenda kusoma Bloemfontein, Afrika Kusini, mwendo wa saa chache tu kutoka mpaka wa Lesotho, nikaanza kuufuatilia mwamba ambao ndio hasa makazi ya Massospondylus. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba mwamba ule umesomwa na watu wengi zaidi ya wale walioandikwa vitabuni, na kwamba usomaji wao ulikuwa mzuri.

Wanajiolojia wanauita mwamba wa Elliot. Jina wamelichukua kwenye mji mdogo wa jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, na mji nao ulikuwa umepewa jina la Henry Elliot, hakimu mkuu wa kikoloni katika nchi ya Wathembu. Siku hizi mji unaitwa Khowa. Mwamba umebaki na jina la hakimu. Zamani waliuita kwa ufupi Matabaka Mekundu, na kwa maoni yangu jina hilo lilikuwa bora, kwa sababu mtu yeyote anayesafiri kutoka Ladybrand kuelekea Maseru anaweza kuutambua bila mwalimu. Tazama kilima chochote. Juu kuna ukuta wa mawe ya mchanga yenye rangi ya krimu, umesimama wima, una mapango chini yake. Huo ni mwamba wa Clarens, mchanga wa jangwa uliorundikwa na upepo. Chini ya ukuta huo kuna mteremko mwekundu, mara wa damu ya mzee, mara wa zambarau, umekatwakatwa na makorongo. Huo mteremko ndio Elliot. Chini yake tena kuna mawe ya mchanga yanayometameta juani, nayo ni ya Molteno, yaliyotokana na mito mikubwa na misitu, na yamejaa alama za majani na mbawa za wadudu. Na ukiinua macho mbali upande wa mashariki unaona milima ya Maluti, ambayo ni lava tupu iliyomwagika miaka milioni 183 hivi iliyopita na kuufunika mpangilio wote ule.

Hata Thaba Bosiu, ngome ya mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, aliyehamia hapo na watu wake mwaka 1824, imejengeka hivyohivyo: kilele bapa cha mawe ya mchanga yenye kuta za kujilinda, na miteremko ya mwamba mwekundu ambayo adui alilazimika kuipanda akiwa wazi kabisa machoni pa walinzi. Kila nikisoma habari za ngome ile kushindikana, nawaza pia jiolojia iliyoisaidia.

Wekundu wa Elliot ni chuma. Matope yaliyoletwa na mito kutoka milima ya upande wa kusini yalikuwa na chembe za chuma, na kwa kuwa nchi ilikuwa na majira marefu ya ukavu, maji ya ardhini yalishuka, hewa ikaingia kwenye udongo, chuma kikapata kutu. Matope yalirundikana hivyo kwa mamilioni ya miaka. Upande wa kusini, mwamba huu una unene unaokaribia mita 500. Ukienda kaskazini unapungua mpaka makumi ya mita tu.

Ukishuka kwenye korongo na kuchuchumaa, unaona kwamba hutembei kwenye udongo mmoja. Sehemu ya chini ya Elliot, ile ya kipindi cha Triasi, ilijengwa na mito iliyopinda taratibu katika tambarare kubwa za matope. Sehemu ya juu, ambayo ni ya mwanzo wa kipindi cha Jurasi, ni ya nchi kavu zaidi: mito ya msimu, mafuriko ya ghafla yanayotandaza mchanga mwembamba kisha kupotea, na udongo uliokaa wazi juani muda mrefu. Huko juu nimepitisha kidole kwenye nyufa za matope yaliyokauka, zikiwa zimejaa mchanga wa rangi tofauti, zimekatana pembe kwa pembe mfano wa jaruba la mpunga baada ya mavuno. Kando yake kulikuwa na vinundu vigumu vya chokaa, vya ukubwa wa ngumi ya mtoto, ambavyo hujitengeneza kwenye udongo pale ambapo maji hupanda na kukauka kabla hayajafika mbali. Ukiona vinundu hivyo unajua mvua ilikuwa haba na jua kali. Hakuna kipimo cha maabara kilichohitajika kunionyesha hilo. Mkulima yeyote wa nchi kavu angesoma vilevile.

Katikati ya sehemu hizo mbili umepita msiba mkubwa. Miaka milioni 201 iliyopita, bara kuu lililoyashika mabara yote pamoja lilianza kupasuka mahali ambapo leo ni bahari ya Atlantiki. Lava ilimwagika katika eneo kubwa mno, na mabaki yake yapo mpaka leo Moroko, Brazili na mashariki mwa Marekani. Hewa ya ukaa ikaongezeka, joto likapanda, bahari ikachachuka, na viumbe vingi vya nchi kavu na majini vikatoweka. Ni mojawapo ya nyakati tano za kutoweka kwa halaiki ambazo sayansi inazitaja. Sehemu nyingi duniani mpaka huo kati ya Triasi na Jurasi unasomwa kwenye miamba ya baharini. Elliot ni kati ya mahali pachache ambapo unaweza kuufuata nchi kavu, ukiwa na mifupa ya wanyama chini yake na juu yake.

Chini ya mpaka kuna dinosaria wazito wa ukoo wa shingo ndefu, kuna amfibia wakubwa wenye vichwa bapa, kuna wawindaji wakubwa wa ukoo wa mamba waliosimama kwa miguu iliyonyooka. Na kuna Pentasaurus. Huyu hakuwa dinosaria hata kidogo. Alikuwa wa ukoo wa disinodonti, wanyama wenye mdomo wa pembe kama wa kobe, ambao kinasaba wako karibu zaidi na sisi mamalia kuliko na mijusi. Watanzania tunao ndugu zao wa zamani zaidi kwenye bonde la Ruhuhu, upande wa Songea, katika miamba ya Manda na ile iliyo chini yake. Wakati wa Ruhuhu walikuwa wamejaa kila mahali. Kufikia wakati wa Elliot walikuwa wanahesabika, na Pentasaurus ni wa mwisho anayejulikana barani Afrika.

Mifupa ya Pentasaurus ilikusanywa na Alfred Brown, Mwingereza aliyeishi Aliwal North katika karne ya 19 akifanya kazi za ualimu, posta na maktaba, na ambaye watu wa mji walimpachika jina la Gogga, yaani mdudu, kwa jinsi alivyokuwa akihangaika na viumbe na mawe. Brown hakuwa na chuo nyuma yake. Alipeleka mifupa London, Paris na Vienna, akitumaini kwamba mtu ataichukulia kwa uzito. Ile ya Vienna ilikaa makumbusho zaidi ya karne moja. Mwaka 2018 mtafiti Christian Kammerer aliichunguza upya, akaona ni mnyama asiyewahi kupewa jina, akamwita Pentasaurus goggai. Namfurahia sana Brown. Alifanya kazi ya maisha yake yote pembezoni, na alikuwa sahihi.

Juu ya mpaka, wanyama wanabadilika. Sasa dinosaria ndio wenye nchi. Kuna Massospondylus, aliyetembea kwa miguu miwili. Kuna Lesothosaurus, mwepesi na mdogo. Kuna Heterodontosaurus, aliyekuwa na meno ya aina tofauti katika taya moja, mengine ya kukata, mengine ya kusaga, na mengine marefu kama ya ngiri. Jina lake lilitolewa mwaka 1962 na Alfred Crompton na Alan Charig. Charig huyo ndiye aliyewahi kukaa Cambridge akichambua visukuku vya Ruhuhu vilivyokusanywa na Francis Rex Parrington mwaka 1933. Mtu mmoja, meza moja, mifupa ya Tanganyika na ya kusini mwa Afrika. Miamba yetu imekuwa na undugu muda mrefu kuliko mipaka yetu.

Na haikuchukua muda mrefu, kwa hesabu za mawe, kabla majitu hayajarudi. Ledumahadi mafube alikuwa na uzito unaokadiriwa kuwa tani 12, karibu mara mbili ya tembo dume mkubwa. Mifupa yake ya kwanza ilionekana mwaka 1990 na mtaalamu wa visukuku James Kitching katika jimbo la Free State, karibu na Clarens, ikabaki ikisubiri. Timu ya Blair McPhee na Jonah Choiniere ilirudi mahali palepale, ikachimba zaidi, na mwaka 2018 ikamtangaza. Jina lake ni la Kisotho na lina maana ya ngurumo kubwa ya radi alfajiri. Walipokata mfupa wake na kuutazama kwa hadubini, pete za ukuaji zilionyesha mnyama mzima wa miaka 14 hivi.

Hapo nirudi kwa yule Massospondylus wa Owen, kwa sababu kuna mtu mmoja nyuma yake ambaye simwachi. Mifupa ile, zaidi ya hamsini, ilipatikana mwaka 1853 karibu na Harrismith na mpima ardhi aliyeitwa Joseph Millerd Orpen. Ilisafirishwa mpaka London, Owen akaiandika, na hakutambua kwamba ni ya dinosaria. Aliona ni ya mijusi mikubwa walao nyama, jamaa za vinyonga na iguana. Mwaka 1941 bomu la vita likaangukia jumba la madaktari wa upasuaji lililoitunza, mifupa ikateketea. Tunachokijua leo kuhusu Massospondylus kinatokana na mifupa mingine iliyochimbuliwa baadaye.

Miaka 20 baada ya ugunduzi ule, mwaka 1873, Orpen huyohuyo, sasa akiwa mtawala wa kikoloni, alipita milima ya Maluti akiongozwa na Msan aliyeitwa Qing. Njiani walipita kwenye mapango yenye michoro, na Orpen akamwomba Qing aieleze. Majibu yake aliyachapisha mwaka 1874, na mpaka leo ni kati ya hazina chache tulizonazo za Msan wa milima ile akieleza kwa kinywa chake michoro ya watu wake. Orpen alikuwa na akili ya kuuliza kuhusu michoro. Natamani angemuuliza Qing pia kuhusu mifupa. Mbele yake alikuwa amesimama mtu wa jamii iliyoishi juu ya mwamba ule kwa maelfu ya miaka, jamii iliyoishi kwa kusoma ardhi. Na yeye mwenyewe alikuwa ndiye aliyepeleka mifupa ya mwamba ule kwa msomi mkubwa wa Ulaya. Watu wawili, njia moja, na swali likapita bila kuulizwa.

Swali lile limejibiwa kwa njia nyingine, na mawe yenyewe. Kwenye pango la Mokhali, Lesotho, kuna mchoro wa Wasan wa unyayo wenye vidole vitatu, na karibu yake kuna michoro ya wanyama wasiofanana na yeyote anayeishi huko leo: wana miili mizito, wanasimama kwa miguu miwili, na hawana mikono. Watafiti walioichambua wanaona kwamba wachoraji waliziona nyayo za dinosaria kwenye mawe ya jirani na wakajenga umbo la mnyama kutokana nazo. Mikono haimo kwenye mchoro kwa sababu nyayo zile hazina alama za mikono. Mimi nikisoma hilo naona mtu anayetumia ushahidi alionao na kukataa kuongeza asichokiona. Owen, akiwa na mifupa mkononi, alikosea zaidi.

Mahali pa kuzielewa nyayo hizo ni Moyeni, mjini Quthing, kusini mwa Lesotho. Kuna jengo dogo kando ya barabara kuu, na chini yake ni bamba la mwamba lenye mwinamo. Siku niliyokwenda, mzee anayepatunza alinipokea.

"Lumela, ntate," nikamsalimu kwa Kisotho changu cha kubahatisha.

"Lumela, abuti. Umetoka mbali?"

"Tanzania, ntate."

"Basi vua viatu, mwamba huu haupendi viatu vya safari ndefu." Akanielekeza pa kukanyaga, akamwaga maji kidogo kwenye jiwe ili kingo za nyayo zijitokeze.

Kuna nyayo zaidi ya 250 pale, na si za mnyama mmoja. Bamba lile lilikuwa kingo ya mto: sehemu ya chini ilikuwa laini na yenye maji, katikati ni mteremko unaoteleza, juu ni ardhi ngumu. Dinosaria mmoja mdogo mla majani alipita hapo, na ukifuata hatua zake moja moja unamwona akifikiri. Kwenye tope la chini ametembea kwa miguu yote minne, ameitanua, anakwenda pole. Akifika kwenye mteremko miguu inakaribiana. Akifika juu penye ugumu, alama za mikono zinapotea; ameinuka, anakwenda kwa miguu miwili. Mla nyama aliyepita mteremko uleule ametumia mbinu nyingine: amechimbia kucha zake ardhini kushika, na mikwaruzo ya kucha ipo, unaweza kuweka ncha ya kidole ndani yake. Mzee wangu hakuwa amesoma makala ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2009 kuhusu hatua hizo. Alinieleza jambo lilelile kwa kutembea: aliinama, akaweka viganja chini, akapanda, akasimama. "Huyu aliogopa kuanguka," akasema, akionyesha ya kwanza. Kisha akaonyesha ya mla nyama. "Huyu hakuogopa, lakini alikuwa makini."

Maphutseng, katika wilaya ya Mohale's Hoek, ndiko habari inapochanganyika na hekaya. Mifupa ya pale ilitambuliwa mwaka 1930, na jina la Samuel Motsoane wa misheni ya Bethesda limo kwenye kumbukumbu za ugunduzi. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1955 na ndugu wawili, Paul na François Ellenberger, wa ukoo wa wamisionari wa Kifaransa waliokaa Lesotho vizazi kadhaa. Mifupa ilijaa kiasi kwamba inahesabiwa kwa mamia. Mnyama mkuu wa pale kwa muda mrefu aliitwa kwa jina lisilo rasmi lililotokana na jalala la kijiji, kwa kuwa mifupa ilitokea jalalani. Mwaka 2020 alipewa jina rasmi: Kholumolumo ellenbergerorum, mla majani wa mwishoni mwa Triasi, mwenye urefu wa mita 9 hivi.

Kholumolumo ni jina la zimwi la Wasotho. Lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejipaka majivu likamdhania jiwe. Akazaa mtoto wa kiume aliyekua mara moja, akashika silaha, akaliua zimwi na kulipasua tumbo, watu wakatoka hai. Sisi wa pwani tunamjua jamaa yake, nunda mla watu, aliyeanza kwa kula kuku na ndege akaishia kwa kula watoto wa sultani, mpaka mwana wa mwisho alipomuua. Wapo wanaodhani hekaya ya Kholumolumo ilichochewa na mifupa mikubwa iliyotokeza kwenye makorongo. Mimi naliona ni jambo la busara kulidhania. Ukiishi mahali ambapo mvua kila mwaka inafunua mfupa wa paja mnene kuliko wa ng'ombe yeyote, lazima uwe na habari ya kuwaeleza watoto.

Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya mifupa ya Maphutseng ilipelekwa Paris, na utafiti uliompa Kholumolumo jina lake ulifanywa kwa kutumia mifupa iliyomo kwenye makumbusho ya Paris. Mfano wa kwanza wa Megazostrodon, kiumbe mdogo kama panya buku mchanga, mmoja wa mamalia wa kwanza kabisa, aliyepatikana Lesotho mwaka 1966 na Ione Rudner, uko London. Mtu wa Lindi anaijua habari hii vizuri. Kati ya mwaka 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kutoka Tendaguru mpaka bandarini kwetu, kichwani na mabegani, zikapakiwa melini kwenda Berlin. Sipingi mifupa kusomwa popote pale duniani. Ninasema kwamba mtoto wa Mohale's Hoek anastahili kumwona Kholumolumo bila kuomba viza ya Ufaransa, na mtoto wa Lindi vivyo hivyo kwa mjusi wetu.

Rooidraai, kwenye hifadhi ya taifa ya Golden Gate upande wa Afrika Kusini, ni mfano wa jambo kufanyika vizuri zaidi. Mwaka 1976 barabara ilikuwa imekatwa kwenye mwamba, na James Kitching akaona mayai kwenye ukuta wa mkato huo. Yalikaa karibu miaka 30 kabla hayajasafishwa vya kutosha kuonyesha kilichomo: viinitete vya Massospondylus, vya urefu wa sentimita 15 hivi, vimejikunja. Utafiti ulitangazwa mwaka 2005. Vina vichwa vikubwa kwa mwili, na miguu ya mbele mirefu kiasi kwamba mtoto angeanza maisha kwa kutambaa kwa minne, kisha akue asimame kwa miwili. Watafiti waliporudi kwenye ukuta uleule walikuta viota visivyopungua 10 katika matabaka tofauti, kiota kimoja kikiwa na mayai mpaka 34 yaliyopangwa kwa kubanana. Tabaka juu ya tabaka, maana yake mama wale walirudi kutaga mahali palepale msimu baada ya msimu. Kuna hata nyayo ndogondogo zinazoonyesha watoto walibaki kiotani mpaka walipokuwa wamekua mara mbili ya ukubwa wa kuzaliwa. Mwaka 2020 mionzi yenye nguvu kubwa ya maabara ya Grenoble ilipenya mayai bila kuyavunja, ikaonyesha kwamba viinitete vilikuwa vimefika kama asilimia 60 ya muda wa kuatamiwa. Mayai yalikwenda Ufaransa kupigwa picha, yakarudi Johannesburg, yanatunzwa na chuo kikuu cha Witwatersrand.

Chuo hichohicho ndicho kilichoalikwa Qhemegha, kijiji cha Eastern Cape, wenyeji walipoona mifupa kwenye miteremko wanayochungia mifugo na kutaka ijulikane. Hapo mlolongo ulikwenda kama unavyopaswa: wanakijiji waliona, wanakijiji wakasema, wataalamu wakaja, na mwaka 2018 habari ikatangazwa kijiji kikiwa kimetajwa. Wanachotaka wale watu ni kwamba wageni waje Qhemegha kuiona, vijana wao wapate kazi ya kuongoza na kulinda. Ni dai la haki na ni dai la kisayansi pia, maana makorongo ya Elliot yanapanuka kila masika. Mmomonyoko unaowanyang'anya wakulima mashamba ndio unaotoa mifupa nje, na ndio unaoisaga kuwa unga kama hakuna mtu wa karibu aliyeiona kwa wakati. Mtaalamu wa mjini anafika mara moja kwa mwaka. Mchungaji anapita kila siku.

Ukitaka kwenda, anza na makumbusho ya Morija, kusini kidogo ya Maseru, wanatunza visukuku na kumbukumbu za Wasotho chini ya paa moja na wanajua nani wa kumpigia simu. Kutoka hapo kuna magari ya abiria ya kushuka Mohale's Hoek na Quthing. Moyeni nenda asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limelala upande, kwa sababu saa sita mchana nyayo nyingi hazionekani, na utaondoka ukidhani umeonyeshwa jiwe tupu. Chukua pesa taslimu ya kumlipa anayekuongoza.